Mgongo wa Mchimbaji na Soko la Mazoezi Rekebishi

Mazoezi rekebishi ni utaratibu ambao mkufunzi hupima kwanza namna mwili unavyojongea, kwa mfano kwa kumtaka mteja achuchumae huku ameinua mikono juu, kisha humpangia mazoezi ya kulegeza misuli iliyokaza, kuinyoosha, kuamsha ile iliyozembea na mwishoni kuifanya yote ishirikiane katika mjongeo mmoja. Hatua hizo nne zilienezwa zaidi na taasisi ya Kimarekani ya NASM, iliyoanzishwa mwaka 1987, na leo ni miongoni mwa masomo ya nyongeza ambayo wakufunzi wa kumbi za mazoezi huyalipia ili wapandishe thamani ya huduma yao. Mahali ambapo elimu hiyo ingepata wateja wengi ni ukanda wa migodi unaoanzia Geita, ambako mgodi wa dhahabu wa GGM ulianza uzalishaji mwaka 2000, unaopita Bulyanhulu na kufika Mwadui, kwenye almasi iliyogunduliwa mwaka 1940.

Chanzo cha mahitaji ni kazi yenyewe. Dereva wa lori la mgodini huketi kwa zamu ndefu juu ya kiti kinachotetema, na mtetemo wa mwili mzima umehusishwa kwa muda mrefu na maumivu ya kiuno, kiasi kwamba Umoja wa Ulaya, kwa mwongozo wake wa mwaka 2002, ulimtaka mwajiri achukue hatua pale mchapuko unapofikia mita 0.5 kwa sekunde ya mraba kwa siku ya kazi ya saa 8, na ukaweka kikomo cha 1.15. Kwa mchimbaji mdogo kiti hakipo: huinama ndani ya duara, yaani shimo la uchimbaji, hubeba kiroba cha mawe begani na kukifikisha kwenye karasha, mashine ya kuvunjia mawe, na bega hilo hilo hutumika kesho yake. Hata hivyo, mkufunzi anayedai kwamba kila mkao uliopinda ndio chanzo cha maumivu anauza zaidi ya anachokijua, kwa kuwa uhusiano kati ya mkao na maumivu ni dhaifu kuliko matangazo yanavyoonyesha, na mara nyingi nguvu za misuli pamoja na mpangilio wa mzigo na mapumziko huwa na uzito zaidi.

Kuhusu mlipaji, jibu liko kwa mwajiri kuliko kwa mteja mmoja mmoja. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inataja utengamao, yaani huduma za kumrejesha majeruhi katika uwezo wa kufanya kazi, miongoni mwa mafao, nazo kanuni za madini za mwaka 2018 kuhusu ushirikishwaji wa Watanzania zinaipa kampuni ya mzawa nafasi ya kuuza huduma mgodini. Anayebisha hodi katika ofisi ya usalama akiwa na mpango wa dakika chache za mazoezi kabla ya zamu, pamoja na rekodi za siku za ugonjwa kabla na baada yake, ana bidhaa inayoeleweka kuliko anayebandika picha za misuli ukutani.

Upungufu uko kwenye mafunzo. Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, wilayani Kwimba, kiko jirani na ukanda huu na huandaa walimu wa michezo, ilhali tiba ya viungo ni taaluma nyingine ya afya inayofundishwa kwingine, kama KCMC mjini Moshi. Kwa hiyo mkataba wowote unapaswa kutaja mpaka: ganzi ya mguu, maumivu yanayoamsha usiku au udhaifu wa ghafla si mambo ya kunyoosha misuli bali ya rufaa, iwe hospitali ya Chato au ya Bugando.

Mpango huo wote unakoma kwenye lango la mgodi mkubwa. Katika duara, ambako malipo mara nyingi ni mgao wa viroba vya mawe badala ya mshahara, hakuna orodha ya mishahara ya kukokotolea mchango wa fidia wa mwajiri wala ofisi ya usalama ya kubishia hodi, na mkufunzi atakayefika huko itambidi apatane bei na mwenye duara mwenyewe.