Daftari la Hisa Katika Nyumba ya Kiislamu

Wahenga walinena, mali bila daftari hupotea bila habari. Akina mama wa vyama vya akiba, na walioshika amana za mayatima, twawausia: kabla ya kununua hisa katika Soko la Hisa la Nairobi, andikeni kwanza orodha ya kampuni mtakazozitazama.

Chujio la kwanza ni uhalali. Kampuni ya pombe, ya tumbaku, na benki ya riba haziingii daftarini, hata gawio lao liwe nono namna gani. Zilizobaki zipimwe kwa hesabu zao za mwaka. Katika kipimo cha AAOIFI, taasisi ya viwango iliyoko Bahrain, mikopo ya riba isizidi asilimia 30 ya thamani ya kampuni sokoni, wala pato la haramu lisizidi asilimia 5 ya mapato yote. Fungu hilo la haramu tulitoe katika faida yetu, tuwape mafukara pasi na kunuia sadaka.

Kando ya kila jina andikeni bei, gawio la mwaka, na sababu ya kuitazama. Mwaka 2008 hisa za Safaricom ziliuzwa kwa umma shilingi 5, kisha bei ikateremka chini ya hapo. Aliyenunua kwa mkopo alibaki na deni huku mali ikipungua.

Daftari lipitiwe kila hesabu mpya zitokapo, kwani kampuni iliyo safi mwaka huu huenda ikakopa kwa riba mwakani. Penye shaka, tuwaulize wanavyuoni kabla ya kutoa fedha.

Wallahu aalam.