Nyuso za Watoto wa Rungwe Zisipotee Gizani

Katika nyumba nyingi za Tukuyu mgeni hukuta ukutani picha ya mtoto, iliyopigwa siku ya mahafali ya darasa la saba au siku ya kipaimara. Shati jeupe laonekana vema hata kifungo cha mwisho, na mbingu nyuma yake imeng'aa. Lakini uso wa mtoto ni doa jeusi lenye meno. Wazazi wamekwisha kulipa fedha yao, na mtoto yule hataurudia tena umri ule. Sisi twaona kwamba jambo hili si dogo, wala halikuwa la lazima.

Wengi husema kuwa kosa ni la hali ya hewa. Ni kweli kwamba Tukuyu ni mji wa mvua na mawingu, na zipo sehemu za Rungwe zipatazo zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Hata hivyo twakataa kuyalaumu mawingu. Jua la saa sita likiwa utosini huyajaza macho ya mtoto vivuli, nalo humfanya akunje uso. Wingu huutandaza mwanga ukawa mpole, ukaingia hata chini ya nyusi. Adui wetu ni ile mbingu nyeupe yenye ukungu tunayoiacha nyuma ya kichwa cha mtoto. Kamera ikielekezwa mbinguni, kwenye shati jeupe na kwenye uso kwa mara moja, hupima vile vinavyong'aa, ikapunguza mwanga wote, na uso ukabaki gizani.

Dawa yake haina gharama, maana Rungwe ni nchi ya miteremko. Mtoto na asimame mahali ambapo nyuma yake kilima chapanda, au pana shamba la chai au ukuta wa matofali, ili mbingu isionekane kabisa. Kisha mwenye simu aguse uso wa mtoto juu ya kioo cha simu, aongeze mwanga kidogo, hata ikiwa shati litapoteza mikunjo yake. Shati si mwana wa mtu. Tena asimwingize mtoto ndani kabisa ya migomba, kwa sababu majani yake huutia uso rangi ya kijani kama ya mgonjwa. Ukingoni mwa migomba patatosha.

Yafaa wasomaji wajue pia kwamba uzembe huu haukuanzia kwetu. Kwa miaka mingi kampuni ya Kodak ilitoa kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke Mzungu, na wasafishaji wa filamu wakazitumia kama kipimo. Ngozi nyeusi haikuwamo katika hesabu hiyo. Lakini huko Bamako, Mali, Seydou Keïta alifungua studio yake mwaka 1948, akawapiga watu wa mji wake picha uani, mara nyingi kwa mwanga wa jua tu, na nyuso zao zaonekana hata leo, kila mtu na haiba yake. Basi ufundi wa kuupiga uso mweusi umekuwapo Afrika siku nyingi. Tulichopungukiwa ni kuutafuta.

Kosa la pili ni la kimo. Mpiga picha mtu mzima husimama wima, akamwinamishia mtoto kamera kutoka juu. Hapo paji la uso huwa kubwa, miguu huwa mifupi, na mtoto hutazama juu kama mshtakiwa. Mpiga picha na achutame au apige goti, suruali ichafuke tope la Tukuyu, mpaka macho yake yalingane na macho ya mtoto.

Tena aache kuamuru, "Simama wima! Usicheke!" Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti kati ya Wanyakyusa katika miaka ya 1930, waliandika habari za wavulana wa karibu miaka kumi waliojenga vibanda vyao pamoja na wa rika lao, wakawa wanakwenda kwa makundi kula kwa mama wa kila mmoja. Vijiji vile vya rika vimekwisha, lakini yeyote aliyewatazama watoto wakitoka shule ajua kwamba mtoto akiwa peke yake mbele ya kamera hukakamaa, na akiwa na wenzake husahau kuwa anatazamwa. Waiteni wenzake. Subirini dakika kumi. Picha itakuja yenyewe, wakati mmoja anaposimulia na wengine wakisikiliza.

Lipo neno moja kwa wale wanaosimamisha gari kando ya mashamba ya chai, wakapiga watoto wasiowajua na kuwatangaza ulimwenguni, hasa wale wenye nguo zilizochanika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za watoto miongoni mwa taarifa nyeti. Hata pasingekuwa na sheria, mtoto ana mzazi, na nyumba ya mzazi huwa haiko mbali. Mtu na apige hodi aombe.

Picha ikishapatikana isiachwe simuni, maana simu huibwa na kuanguka majini. Na isafishwe kwenye karatasi, kisha nyuma yake yaandikwe jina la mtoto, mahali na tarehe, kwa penseli laini, kwani wino wa kalamu waweza kuchujuka kwa unyevu. Ikitiwa katika fremu, uwekwe ukingo wa karatasi ngumu kati ya picha na kioo. Katika ubaridi na unyevu wa Rungwe picha iliyogusana na kioo hunata, na siku ya kuitoa, uso hubaki kiooni.