Paka Wako Anapokataa Chakula

Paka ni mlinzi wa kihenge chako. Panya hula mahindi na kutoboa magunia. Huchafua chakula kwa mkojo na kinyesi. Viroboto wa panya wanaweza kuleta tauni. Kwa hiyo paka wako akikonda, usiseme, "Ni paka tu." Msaidie mapema.

Kwanza jihadhari
Mtazame kabla ya kumshika. Je, anatokwa na mate mengi? Anauma ovyo? Anayumba? Huenda ana kichaa cha mbwa. Paka naye hupata ugonjwa huo, na humwambukiza mtu. Usimguse. Weka watoto mbali. Mwite Bwana Mifugo au Bibi Mifugo.

Akikuuma au kukuparura, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje dalili. Dalili zikianza, karibu kila mgonjwa hufa.

Kwa nini amekataa kula?
Labda ni mgonjwa. Mafua huziba pua, na paka asiyesikia harufu ya chakula hakili. Minyoo, meno mabovu na sumu ya panya pia humdhuru.

Labda ana wasiwasi. Je, mmehamia nyumba mpya? Mmeleta mbwa? Watoto wanamvuta mkia? Paka mwenye hofu hujificha na kuacha kula.

Usikae kungoja njaa imlazimishe. Paka akikaa siku 2 au 3 bila kula, ini lake linaweza kuharibika, hasa kama alikuwa mnene. Akimaliza siku nzima bila kula, tafuta ushauri wa mtaalamu wa mifugo. Mtoto wa paka usimngojee hata siku moja.

Mpe utulivu na chakula chema
Mtafutie pembe tulivu. Weka kikapu na gunia kuukuu. Mbwa na watoto wasifike hapo. Weka maji safi, mbali kidogo na chakula.

Chukua dagaa. Waloweke ili chumvi itoke, kisha wachemshe. Nyama au yai la kuchemsha pia ni zuri. Mpe chakula cha vuguvugu, kwa sababu harufu yake husikika zaidi. Usitie chumvi, vitunguu wala pilipili. Vitunguu huharibu damu ya paka.

Mpe kidogo kidogo, mara 4 au 5 kwa siku. Weka chakula, kisha ondoka. Asipokula, kiondoe baada ya nusu saa. Usimshindilie kinywani.

Ugali mtupu haumtoshi. Paka akikosa nyama na samaki kwa muda mrefu anaweza kupofuka. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi wakubwa.

Usimpe dawa za watu. Kidonge kimoja cha Panadol kinaweza kumwua.

Mpime kila wiki
Tumia mizani. Pima kikapu kitupu. Kisha pima kikapu na paka ndani. Toa uzito wa kikapu. Kwa mfano, kikapu ni nusu kilo. Kikapu na paka ni kilo 3. Basi paka ana kilo 2 na nusu. Andika tarehe na uzito katika daftari lako la kisomo.

Uzito ukipanda, endelea vivyo hivyo. Ukizidi kushuka, mpeleke kwa mtaalamu wa mifugo pamoja na daftari lako. Uliza pia habari za dawa ya minyoo na chanjo ya kichaa cha mbwa.

Kila ukimlisha, nawa mikono kwa sabuni. Chombo chake kiwe chake peke yake.

Mtunze paka wako, naye atakutunzia mahindi yako.