Ukungu Ukutani: Usikimbilie Rangi, Mtafute Anayejua Jengo

Kama unaishi Mji Mkongwe, hii huhitaji kuhadithiwa. Masika yamekwisha, jua limerudi, unafungua kabati na nguo za Idi zinanuka uvundo. Unasogeza kabati: ukuta wa nyuma umeota madoa meusi na ya kijani. Unanunua dawa, unasugua, unamwita fundi anapaka rangi mpya. Masika yanayofuata, madoa yale yale, pale pale. Pesa imekwenda, na mtoto anayelala chumba hicho bado anakohoa usiku.

Sasa swali: umwite nani? Jibu letu kwa ufupi ni hili. Usimtafute mtu anayejua kuua ukungu. Mtafute anayeweza kukuambia maji yanatoka wapi. Na kwa nyumba zetu, hilo hawezi mtu asiyejua nyumba ilivyojengwa. Hebu tuone kwa nini.

Ukungu unataka nini?

Ule weusi tunauita ukungu, wengine husema koga. Kibiolojia ni fangasi, jamaa wa uyoga na hamira. Unazaliana kwa spora, chembe ndogo sana zinazoelea hewani kila mahali, Darajani, Forodhani, hata kwenye chumba kilichopigwa deki asubuhi. Spora huwezi kuzimaliza. Chakula nacho kipo tele: vumbi, mbao, karatasi, gundi ya kabati. Joto la Unguja linaufaa mwaka mzima. Kinabaki kitu kimoja tu unachoweza kukidhibiti, nacho ni maji.

Tena si lazima maji yatiririke. Hewa inayogusana na ukuta ikikaa na unyevu wa asilimia 80 hivi au zaidi kwa siku kadhaa mfululizo, ukungu unaweza kuota bila wewe kuona hata tone. Ndiyo maana unapenda nyuma ya kabati, ambako upepo haufiki.

Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na ukungu majumbani. Ulieleza kwamba wakaazi wa nyumba zenye unyevu wana hatari kubwa zaidi ya kupata matatizo ya kupumua na kuzidiwa na pumu. La kuvutia ni kwamba mwongozo ule haukuweka kiwango cha spora ambacho ni salama. Ulisema kinachotakiwa ni kuzuia unyevu wenyewe. Yaani doa jeusi ni kama homa: ukiishusha bila kutafuta ugonjwa, itarudi.

Ukuta wa chokaa una tabia zake

Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake nene kiasi cha nusu mita. Sakafu na dari zinabebwa na boriti za mikoko ambazo ncha zake zimechomekwa ndani ya ukuta. Chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa kwenye tanuri kwa joto la karibu nyuzi 900, kisha yakazimwa kwa maji. Ikishapakwa, inavuta kaboni dioksidi kutoka hewani na polepole inarudi kuwa jiwe.

Ukuta wa namna hii una vinyweleo. Mvua ikipiga, unakunywa maji kidogo. Jua na upepo vikija, unayatoa. Halafu chokaa mbichi ni kali sana, pH yake ni 12 na zaidi, na ukungu hauoti humo kirahisi. Ukali huo unapungua kadiri chokaa inavyogeuka jiwe. Kwa hiyo wazee waliokuwa wakipaka chokaa upya kila baada ya muda walikuwa wanafanya usafi na tiba kwa pamoja.

Sasa anakuja fundi wa leo, kwa nia njema kabisa, anapiga plasta ya saruji na kumalizia kwa rangi ya plastiki au ya mafuta. Ukuta unapendeza. Lakini maji yanaendelea kuingia, kwa juu kupitia ufa wa paa au mchirizi uliotoboka, au kwa chini kutoka ardhini, na njia ya kutokea imezibwa. Yanatafuta pengine: rangi inavimba, plasta inabanduka, na unyevu unapanda mpaka kwenye ncha za boriti. Ulidhani umeziba tatizo, kumbe umelifungia ndani.

Kuna na kiyoyozi

Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75, hali ya kawaida hapa kwetu, huanza kutoa maji ikigusa kitu chenye nyuzi 25 au chini ya hapo. Ukiwasha kiyoyozi hadi nyuzi 20, kuta zinapoa. Ukikizima na kufungua madirisha, hewa ya nje inagusa kuta zile za baridi na kutoa jasho, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji.

Hili ndilo linalofanya ushauri mwingi wa intaneti usitufae. Nchi za baridi hewa yenye unyevu inatoka ndani kwenda nje. Kwetu, penye kiyoyozi, inatoka nje kuingia ndani. Nailoni inayowekwa upande wa ndani wa ukuta kule kama kinga, hapa inaweza kunasa maji.

Chumvi inawadanganya hata wataalamu

Kabla ya kulaumu ukungu, angalia kama unachokiona ni ukungu kweli. Unga mweupe unaochipuka ukutani mara nyingi ni chumvi, iliyotoka baharini, ardhini au kwenye mchanga wa kujengea. Utonesheshee maji: chumvi itayeyuka, ukungu hauyeyuki.

Chumvi ina tabia ya kunyonya maji hewani. Chumvi ya kawaida huanza kulowana yenyewe unyevu wa hewa ukifika asilimia 75. Na vile vipimo vya unyevu vyenye sindano mbili hupima umeme unavyopita ukutani, na chumvi inaurahisishia umeme njia. Matokeo yake kipimo kinasoma "maji mengi" kwenye ukuta ambao umejaa chumvi tu. Kamera ya joto nayo haioni maji, inaona tofauti ya joto. Vifaa hivi si vibaya, ila vinahitaji mtu anayejua kuvitafsiri.

Basi umwite nani?

Kama ukungu unauona kwa macho, usianze kwa kulipia kipimo cha hewa. Hata Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani (EPA) linasema mara nyingi kipimo hakihitajiki pale ambapo ukungu umeshaonekana. Tumia pesa hiyo kwa mtu wa majengo: mhandisi au msanifu aliyesajiliwa, au mwashi mzoefu aliyewahi kutengeneza nyumba za chokaa na si za matofali ya saruji pekee. Kabla hamjakubaliana, muulize:

1. Utaanzia wapi kuangalia? Anayejua ataanza juu, kwenye paa, michirizi na mabomba, kisha ashuke. Akikimbilia doa moja kwa moja, jihadhari.

2. Ukuta huu ni wa nini, na uliwahi kupigwa saruji? Asiyeuliza hivi hajui atakachopendekeza kitafanya nini.

3. Utazikagua ncha za boriti? Azigonge na kuzichoma kwa bisibisi pale zinapoingia ukutani. Mti mzima unagoma, uliooza unaingilika.

4. Unauza dawa au rangi? Si dhambi, lakini anayekagua na kuuza hapo hapo ana sababu ya kuona tatizo linalolingana na bidhaa yake. Ukiweza, mkaguzi awe mwingine na mtengenezaji mwingine.

5. Utaniandikia? Ripoti fupi yenye picha, chanzo cha maji na mpangilio wa kazi, kipi kianze na kipi kisubiri.

Ukiwa ndani ya eneo la hifadhi, mabadiliko ya jengo yanahitaji kibali cha Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, iliyoanzishwa 1985. Wengi wanaiona kama kikwazo. Ichukulie kama nafasi ya kuwauliza watu ambao nyumba hizi ndiyo kazi yao.

Na wewe wa nyumba ya matofali kule Fuoni au Jambiani, maswali ni yale yale, isipokuwa la pili na la tatu. Badala yake uliza kuhusu msingi kama una kinga ya unyevu, bati linavuja wapi, na kama nyumba mpya ilipewa muda wa kukauka kabla ya kupakwa rangi.

Jaribio la kufanya mwenyewe

Chukua kipande cha foili ya jikoni, kibandike ukutani kwa gundi ya karatasi pande zote nne, ukiache siku moja au mbili. Kikilowa upande wa ukutani, maji yanatoka ndani ya ukuta. Kikilowa upande wa chumbani, ni hewa ya chumba inayotoa jasho. Hilo la kwanza linahitaji fundi. La pili huenda likaisha kwa kusogeza kabati sentimita kumi, kufungua madirisha wakati wa upepo, au kupandisha kiyoyozi nyuzi chache.

Doa dogo lisilofika mita moja ya mraba unaweza kulisafisha kwa maji, sabuni, glavu na barakoa. Ukitumia dawa ya klorini, usiichanganye kamwe na dawa nyingine ya usafi, mvuke wake ni sumu. Mwenye pumu asifanye kazi hiyo.

Mwisho, kumbuka maji yanayolisha ukungu ndiyo hayo hayo yanayoozesha boriti na kulegeza chokaa. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo la mwaka 1883, iliporomoka ikiwa katika ukarabati, na watu wawili walifariki. Hatusemi ukungu ndio ulioliangusha. Tunachosema ni kwamba nyumba za mawe zikichoka haziangalii ukubwa wa jina. Kwa hiyo doa likirudi mara ya pili pale pale, liache kwanza bila kupaka. Piga picha, andika tarehe, kisha panda juu uangalie paa.