Zamu ya wauguzi ikibadilika, mgonjwa wako anakabidhiwaje?

Msikilizaji wetu, ukimlaza ndugu yako hospitalini, iwe Mrara hapa Babati mjini au kule Dareda, hahudumiwi na muuguzi mmoja siku nzima. Wauguzi hupokezana zamu, na anayetoka humkabidhi mgonjwa kwa anayeingia. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliweka mawasiliano ya wakati huo kati ya mambo tisa ya kulinda usalama wa mgonjwa.

Tuchukue mfano wa mama mwenye kifafa cha mimba. Anaweza kupangiwa sindano ya magnesiamu salfeti kila baada ya saa 4, tako la kulia kisha la kushoto. Kabla ya kila sindano, muuguzi huhesabu pumzi, hugonga goti kuona kama mguu unashtuka, na huangalia kiasi cha mkojo. Zamu ikibadilika bila kutaja saa ya sindano ya mwisho, mama anaweza kuikosa na degedege likarudi, au akachomwa mara mbili na pumzi ikakata.

Mambo manne ya kukabidhi

Kitabu cha ripoti ni muhimu, lakini hakitoshi. WHO inashauri wahudumu wafuate mpangilio mmoja, kama huu uliotokana na wanamaji wa Marekani:

1. Hali ya mgonjwa sasa hivi.
2. Historia: alilazwa lini, kwa tatizo gani, amepewa nini.
3. Tathmini: anapata nafuu au anazidiwa?
4. Kinachotakiwa kufanyika, na saa ngapi.

Anayepokea hurudia alichosikia ili kuhakikisha. Wakifanya hivyo kando ya kitanda, wote wawili wanaona dripu, kidonda na mgonjwa mwenyewe.

Ndugu ufanye nini?

WHO inataka pia mgonjwa na familia washirikishwe. Mgonjwa anapolazwa, taja dawa zinazomdhuru na anazotumia nyumbani. Ukienda kumwona, muulize amepata dawa saa ngapi, uandike kwenye simu. Ukiona dozi imepita, au ametapika vidonge, usinyamaze wala usigombe. Mwambie muuguzi wa zamu: "Samahani sista, mama anasema hajachomwa sindano ya saa 12 jioni. Naomba umwangalizie."

Mgonjwa akibadilika ghafla, akishindwa kupumua au akitoka damu nyingi, usisubiri wamalize kukabidhiana. Ita muuguzi papo hapo.