Muziki ya kilio ilifunga mudomo ya mujane

Mwenzetu moja alifia ndani ya mugodi. Siku ya kilio, bafle ilikuwa inapiga muziki kama kawaida kwetu Katanga. Mujane akasimama, akasema bwana yake alilalamika mara tatu juu ya miti ya kushikilia udongo kule chini. Tukamurekodi na telefone, tukatia video ku intaneti. Kesho yake tukakuta imefungwa. Sababu? Wimbo uliosikika nyuma ya sauti yake uko na mwenyewe.

Sisi wa sendika hatuko maadui wa wanamuziki. Mwaka 1952, Hugh Tracey alimurekodi Mwenda Jean Bosco kule Jadotville, ni kusema Likasi ya leo, na gitaa yake ikasikika mbali sana. Mupiga gitaa naye ni mufanyakazi, anapashwa kulipwa. Inchi yetu iko na sheria ya kumulinda tangu tarehe 5 Aprili 1986.

Lakini kazini, mutu hafukuzwi bila kuulizwa: anapewa kwanza demande d'explication. Ku intaneti ni kinyume. Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1998, mutu akilalamika, mutandao unaondoa video kwanza ili usishitakiwe. Mwenye video anaweza kujibu kwa maandishi. Mulalamikaji asipoenda ku tribinali, video inarudi nyuma ya siku 10 mpaka 14 za kazi. Ila mwenye kujibu anapashwa kutoa jina na adresi, na kukubali tribinali ya Marekani. Mujane wa Kolwezi atafika kule na nini?

Hata Wamarekani wenyewe waliona shida. Mwaka 2007 mama moja alitia video ya sekunde 29 ya mutoto wake akicheza wimbo wa Prince, ikaondolewa. Mwaka 2015 tribinali ikasema: kabla ya kuomba video iondolewe, mwenye wimbo afikiri kama sheria inaruhusu matumizi ile.

Sasa vijana wetu wanaogopa. Wanarekodi bila sauti, ao wanaacha kabisa.

Tunashauri hivi: mukirekodi ushuhuda, muzimishe bafle kwanza. Mulinde video ya kwanza ku karte memwari. Mukitaka wimbo, muombe mwanamuziki wa kartie karatasi yenye sinyatire, na mumulipe.

Yule mujane tulimurekodi tena, nyumbani kwake, kimya. Alisema yote. Lakini ile siku ya kwanza alikuwa analia, na watu walikuwa wanamujibu.