Ifungue Laptopu London Kabla Hujaituma Nyumbani

Kila ikifika Agosti na Septemba, vyuo vikikaribia kufunguliwa huko nyumbani, maswali tunayopata hubadilika. Watu wanaacha kuuliza ada ya kutuma pesa, wanauliza laptopu. Kijana kapata chuo, anataka mashine, na mama mdogo anayetunza wazee Croydon, au mjomba aliye saiti Stratford, ndiye anayetazamwa. Mashine inanunuliwa, boksi halifunguliwi ili lifike likiwa jipya, linapakiwa kwenye mzigo wa meli. Baada ya wiki nyingi kijana anaiwasha Mombasa au Dar es Salaam, kioo kinacheza mistari, au inazimika yenyewe kila baada ya dakika kumi. Duka la London likipigiwa simu, jibu ni fupi: muda umepita.

Tupige hesabu kidogo, maana ndiyo kazi yetu. Laptopu ya pauni 600, kwa kima cha chini cha mshahara kilichokuwa pauni 12.21 kwa saa kuanzia Aprili 2025, ilikuwa saa 49 za kazi kabla ya kodi. Hapo hujaweka nauli ya mzigo wala ushuru wa bandarini. Hiyo si hela ya kuiacha dukani kwa sababu mtu wa kaunta kasema neno moja.

Wengi wetu tumekulia kwenye kile kibandiko kinachojulikana na kila aliyenunua kitu Kariakoo au Luthuli Avenue: mali ikishauzwa hairudishwi. Tunakuja nacho kichwani hadi huku, tukiambiwa hapana tunaondoka. Uingereza kibandiko cha namna hiyo hakina nguvu mbele ya bidhaa mbovu. Tangu tarehe 1 Oktoba 2015 kuna sheria inayoitwa Consumer Rights Act 2015, na jina hilo lishike hivyohivyo kwa Kiingereza, ulitaje dukani. Inasema bidhaa lazima iwe na ubora wa kuridhisha, ifae kwa kazi yake, na ilingane na ilivyoelezwa. Duka haliwezi kuandika masharti yake ya kukunyang'anya haki hizo. Na sheria haiulizi una viza gani. Inakuhesabu kuwa ni mtu uliyenunua kwa matumizi yako binafsi, basi.

Anayewajibika ni aliyekuuzia, si kiwanda. Tunalirudia hili kwa sababu ndipo watu wanapozungushwa zaidi. Utaambiwa, "Wapigie waliotengeneza." Waranti ya kiwanda ni kitu kingine, ni nyongeza. Unaweza kuitumia ukiona inakufaa, lakini mkataba wako ni na duka lililochukua pesa yako.

Sasa tarehe. Siku 30 za kwanza tangu uipokee mashine, ikionekana mbovu, una haki ya kuikataa na kurudishiwa pesa yote. Si vocha ya duka, ni pesa, kwa njia ileile uliyolipia, na ndani ya siku 14 tangu wakubali kwamba unastahili. Ukikubali waitengeneze kwanza, siku ambazo iko kwao hazihesabiwi, na ukirudishiwa bado ni mbovu unapewa siku zako zilizobaki, au siku saba kama zilizobaki ni chache kuliko hizo. Zikipita siku 30, duka lina nafasi moja ya kuitengeneza au kukubadilishia, kwa gharama yake, ndani ya muda unaofaa. Nafasi hiyo ikishindikana unaweza kuikataa, au kubaki nayo na kudai upunguziwe bei.

Hadi miezi sita, ubovu ukitokea, sheria inachukulia kwamba ulikuwepo tangu siku ya kwanza, na duka likibisha ni kazi yake kuthibitisha. Baada ya miezi sita mzigo wa kuthibitisha unahamia kwako, na ukirudishiwa pesa wanaweza kukata kidogo kwa muda ulioitumia. Dai lenyewe halifi mapema hivyo: England na Wales unaweza kulipeleka mahakamani hadi miaka sita, Scotland mitano. Hiyo haina maana kwamba kila laptopu inatakiwa kudumu miaka sita. Maana yake ni kwamba "waranti yetu ni mwaka mmoja" si mwisho wa mazungumzo.

Ukinunua kwa mtandao unaongezewa siku 14 za kubadili mawazo tangu ipokelewe, hata kama haina kasoro yoyote. Dukani nyongeza hiyo haipo, isipokuwa wenyewe waamue.

Mmeona tatizo la boksi la meli liko wapi. Siku 30 zinaanza kuhesabiwa mlangoni kwako London, hazimsubiri kijana. Kwa hiyo fungua. Najua inauma kuukata ule utepe, kila mtu anataka mwanawe aufungue mwenyewe. Kata. Iwashe, ichaji mpaka ijae, iache ifanye kazi wiki nzima. Cheza video, jaribu kamera, spika, kila kitufe, kila tundu la waya, na uangalie kama memori na diski ni zile zilizoandikwa kwenye tangazo. Piga picha ya namba ya siri ya mashine iliyoko chini yake. Risiti ipige picha pia, maana karatasi zake hufifia, ingawa taarifa ya benki nayo inakubalika kama ushahidi kwamba ulinunua.

Namna ya kulipa nayo ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Ukilipia kwa kadi ya mkopo kitu cha zaidi ya pauni 100 na kisichozidi 30,000, kifungu cha 75 cha Consumer Credit Act 1974 kinaifanya kampuni ya kadi iwajibike sambamba na duka. Duka likifilisika au likikata simu, unawadai wao. Kadi ya kawaida ya benki haina kifungu hicho, ila unaweza kuiomba benki iirudishe malipo, na uwahi, kwa sababu mitandao ya kadi ina ukomo wa muda. Kadi ya rafiki ni mtego: aliyelipa ni yeye, mnunuzi ni wewe, na kifungu cha 75 kinaweza kukatikia hapo. Fedha taslimu na kuhamisha kwenye akaunti ya mtu havina kinga ya namna hiyo kabisa.

Kwa wanaonunua kwa mkopo wa dukani kuna kesi moja inayofaa kujulikana. Desemba 1998, Richard Durkin alinunua laptopu kwenye duka la PC World, Aberdeen, kwa pauni 1,499. Alitoa 50, zilizobaki zikawa mkopo wa HFC Bank. Alikuwa ameambiwa kama haina modemu ya ndani airudishe. Haikuwa nayo, akairudisha kesho yake, meneja akakataa kuipokea. Baadaye alirudishiwa zile 50, lakini benki iliendelea kumdai mkopo, na alipogoma kulipa ikampeleka kwenye kampuni za kumbukumbu za mikopo kama mtu aliyeshindwa kulipa. Shauri lilifika Mahakama ya Juu, pale Parliament Square, na likaamuliwa tarehe 26 Machi 2014. Majaji walisema alikuwa na haki ya kuvunja mkopo pamoja na ununuzi, na kwamba benki ilipaswa kuchunguza kabla ya kumchafulia jina. Alipata fidia ya pauni 8,000. Ngazi ya chini ilikuwa imempa zaidi ya 116,000, zikafutwa kwenye rufaa.

Miaka zaidi ya 15 kwa laptopu moja! Hatumwambii mtu afuate njia hiyo. Ila kama una mkopo juu ya mashine mbovu, usikae kimya ukaacha kulipa tu. Waandikie wenye mkopo siku hiyohiyo unayoikataa mashine, uwaeleze sababu, utunze nakala. Jina likichafuka kwenye kumbukumbu za mikopo, linakufuata hadi kwenye kukodi chumba.

Na usigombane kaunta kwa mdomo, hasa kama Kiingereza kinakupa shida. Andika barua pepe fupi: tarehe uliyonunua, kasoro, sheria kwa jina lake, unataka nini, na siku 14 za kujibu. Ushauri wa bure uko Citizens Advice, 0808 223 1133. Kampuni ya kadi au ya mkopo ikikukatalia, au ikipitisha wiki nane bila jibu la mwisho, nenda Financial Ombudsman Service, nako ni bure. Duka lenyewe unaweza kulishtaki kwenye mahakama ya madai madogo, ambayo huku England hushughulikia hadi pauni 10,000. Ada huanzia pauni 35 na hupanda kulingana na dai, na ukishinda kwa kawaida unarudishiwa.

Za mitumba? Ukinunua kwa mfanyabiashara, sheria ni ileile, ila ubora unapimwa kwa umri na bei yake, na kasoro uliyoonyeshwa kabla huwezi kuidai. Ukinunua kwa mtu binafsi uliyemkuta mtandaoni, unachoweza kudai ni kwamba ilingane na alivyoieleza. Kwa hiyo tunza tangazo na meseji zake kabla hajazifuta.

Na kama mashine imeshafika Dar na imeanza vituko? Usimwache fundi wa mtaani aifungue, duka litamsingizia yeye. Kijana arekodi video ya kasoro, na namba ya mashine ionekane, akutumie siku hiyohiyo ili tarehe ijulikane iko ndani ya miezi sita. Wewe uliandikie duka mara moja. Mkataba ni wako, si wa kijana. Usitegemee walipe usafiri wa kuirudisha kutoka Afrika. Tafuta mtu anayekuja London aibebe mkononi ndani ya ndege, kwa sababu ya betri, na chaja yake isisahaulike.